Kuwa Mtaalamu wa Tiba ya Burudani Mwenye Cheti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Moshi na Arusha

Maswali haya yanaletwa na wanafunzi wa vyuo vya afya hapa Moshi, walimu wa elimu maalumu wa upande wa Tengeru, wauguzi, na wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Wengi wameisikia kazi hii kwa wageni wanaokuja kujitolea kwenye vituo vyetu, wakavutiwa, kisha wakakosa mtu wa kuwaeleza njia yake. Nimeyapanga yanavyokuja, na pale ambapo jibu ni refu nimeliacha liwe refu.

Tiba ya burudani ni kitu gani hasa?

Ni huduma ya utengamao inayotumia shughuli ambazo mtu anazipenda, au alizipenda kabla ya kuugua, kumrudishia uwezo uliopotea. Inaweza kuwa kwaya, bustani, kuogelea, ususi wa mikeka, mpira, drafti, ngoma au matembezi. Tofauti na burudani ya kawaida iko kwenye utaratibu. Mtaalamu anaanza na tathmini ya mgonjwa: anaweza nini, hawezi nini, alikuwa anapenda nini, nyumbani kuna nani. Anaandika mpango wenye malengo yanayopimika, anautekeleza, anapima matokeo, na kila hatua inaingia kwenye jalada la mgonjwa. Bila hayo, mnacheza tu. Kucheza ni kuzuri, ila siyo tiba.

Chukua bao. Mzee amepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, na sasa anausahau kabisa upande wake wa kushoto: anakula nusu ya sahani na kuiacha nusu, ananyoa shavu moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, manane kwa kila mstari, na kete 64. Ukimpa mzee huyo mchezo alioucheza tangu ujana, kusambaza kete mpaka shimo la mwisho la kushoto kunamlazimisha kulitafuta shimo hilo kwa macho na kulifikia kwa mkono. Mtaalamu anahesabu mashimo aliyoyaruka. Siku za mwanzo anaweka kitambaa chekundu ukingo wa kushoto ili jicho lipate pa kushika, mzee anapoendelea vizuri anakiondoa, halafu anahesabu tena. Wakati huohuo vidole vinafanya mazoezi ya kuokota komwe, na mzee anabishana na mwenzake kama zamani. Mke wake akija kumwona anamkuta anagombania kete, hajalala akiangalia dari. Kwangu mimi hilo nalo ni matokeo, na linastahili kuandikwa kwenye jalada.

Si ndiyo kazi ya fiziotherapia, au ya tiba kwa vitendo?

Zinakaribiana, na kwenye timu nzuri zinasaidiana. Fiziotherapia inashughulika zaidi na mwendo, nguvu na maumivu. Tiba kwa vitendo inamrudisha mtu kwenye shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kupika, kuandika, kurudi kazini. Watu wa tiba kwa vitendo nao hutumia michezo na burudani, hasa kwa watoto, kwa hiyo mipaka si ukuta. Tiba ya burudani inaufanya muda wa mtu ulio nje ya kazi na nje ya kulala kuwa eneo lake kuu, kwa sababu ndiko upweke, sonona na ulevi vinakoingilia.

Fikiria kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Anatoka hospitali na kiti cha magurudumu, anajua kujigeuza ili asipate vidonda, anajivalisha mwenyewe. Anarudi kwao Machame, na kuanzia hapo anakaa kibarazani kutwa. Amepona kwa maana ya hospitali, lakini hana pa kwenda. Mtu wa kushughulikia hicho kibaraza ndiye tunayemzungumzia hapa.

Je, Tanzania kuna leseni ya fani hii?

Hakuna leseni ya tiba ya burudani kama fani inayosimama peke yake, wala hakuna shahada yenye jina hilo kwenye vyuo vyetu. Nalisema mapema kwa sababu kuna vijana wanaopoteza mwaka mzima wakiitafuta. Wataalamu wa afya wanasajiliwa chini ya mabaraza yao, na ukitaka kugusa mgonjwa hospitalini ni lazima uwe umesajiliwa kwa fani inayotambuliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao utauona ukijirudia katika majibu mengi hapa chini, ni huu: anza na fani inayotambulika nyumbani, kisha ongeza tiba ya burudani juu yake. Ukianza kinyume unaweza kuwa na cheti kizuri cha nje na usiwe na mlango wa kuingilia wodini.

Basi hicho cheti kinachotajwa cha CTRS kinatoka wapi?

Kinatolewa Marekani na baraza linaloitwa NCTRC, lililoanzishwa mwaka 1981. Mwenye cheti hicho anaandika CTRS, yaani mtaalamu wa tiba ya burudani mwenye cheti, baada ya jina lake, na ndicho kinachoombwa zaidi na waajiri wa Marekani na Kanada kwenye fani hii. Ni uthibitisho wa kitaaluma, siyo leseni ya serikali. Majimbo machache ya Marekani, kama Utah, North Carolina, Oklahoma na New Hampshire, yana leseni yao juu ya hapo, hivyo anayetaka kufanya kazi huko anahitaji vyote viwili.

Usilichanganye baraza hili na ATRA. ATRA ni chama cha wataalamu wenyewe, kilichoanza mwaka 1984. Kinatetea fani, kinaandaa mikutano na mafunzo, ila cheti cha CTRS hakitoki kwake.

Nahitaji kusoma nini ili niruhusiwe kufanya mtihani?

Njia inayopitiwa na wengi inaitwa njia ya kitaaluma. Unakuwa na shahada ya kwanza au zaidi yenye mkazo wa tiba ya burudani. Ndani yake kuna masomo ya fani yenyewe yasiyopungua krediti 18 za Kimarekani: misingi ya fani, tathmini, upangaji wa programu, mbinu za tiba, uendeshaji wa huduma. Pembeni yake kuna masomo saidizi, na matatu hayakwepeki: anatomia na fiziolojia, saikolojia ya magonjwa ya akili, na ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni. Kila moja lina krediti tatu. Halafu kuna mafunzo kwa vitendo, ambayo nayaeleza peke yake hapa chini.

Angalia sana hesabu ya krediti. Krediti yetu na yao hazilingani. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, wakati shahada ya kawaida ya Marekani ya miaka minne ina takribani 120. Somo lako la krediti 9 za hapa usilipeleke kwa wenzetu kama 9. Taasisi zinazotathmini vyeti vya nje ndizo zinazofanya ulinganisho huo, na NCTRC inahitaji tathmini ya aina hiyo kwa mtu aliyesoma nje ya Marekani na Kanada.

Tayari nina shahada ya ustawi wa jamii, elimu maalumu au fiziotherapia. Naanza upya?

Huanzi upya. Kuna milango miwili.

Wa kwanza ni shahada ya uzamili yenye mkazo wa tiba ya burudani. Vyuo vingine vinapokea mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani ya jirani na kumpa masomo ya kuziba pengo. Kwa mtu mwenye fiziotherapia, anatomia na fiziolojia tayari unayo. Mwalimu wa elimu maalumu ana ukuaji wa binadamu, lakini mara nyingi hana anatomia. Ofisa ustawi wa jamii ana mahusiano na familia kwenye vidole vyake, ila saikolojia ya magonjwa ya akili huenda aliipitia juu juu. Kaa na nakala yako ya matokeo, pitia somo moja moja, ujue una nini kabla hujamwandikia mtu barua pepe.

Wa pili unaitwa njia ya ulinganifu. Huu ni wa mtu mwenye shahada ya fani nyingine ambaye amechukua masomo ya tiba ya burudani na masomo saidizi, na ana uzoefu wa kazi ya kulipwa katika fani. Neno zito hapo ni kazi ya kulipwa katika fani. Kujitolea kuchezesha watoto Jumamosi, hata kwa miaka mingi, hakuhesabiki. Kabla hujajiaminisha na mlango huu, pakua mwongozo wa sasa kwenye tovuti ya NCTRC, kwa sababu vigezo vyake hufanyiwa marekebisho.

Mafunzo kwa vitendo naweza kuyafanyia Moshi au Arusha?

Hili ndilo swali linaloumiza wengi. Sharti la njia ya kitaaluma ni saa zisizopungua 560, ndani ya wiki zisizopungua 14 mfululizo. Ukigawanya unapata saa 40 kwa wiki, yaani kazi ya siku nzima. Unasimamiwa na mtu mwenye CTRS iliyo hai, na unapitia hatua zote za kazi: tathmini, mpango, utekelezaji, upimaji wa matokeo na uandishi.

Kizuizi kwetu si wagonjwa, wala si vituo. KCMC imefanya kazi tangu mwaka 1971, ndani yake kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, na Arusha tuna vituo kama Plaster House, ambako watoto wanapona baada ya upasuaji wa kurekebisha viungo, na kituo cha utengamao cha Usa River. Mazingira ya kujifunzia tunayo kwa wingi. Kizuizi ni msimamizi. Bingwa wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye uzoefu wa miaka 30 atakufundisha mengi, lakini sahihi yake haipokelewi kwa ajili ya saa hizo. Kwa hiyo panga kuzifanyia kule unakosoma, na kituo kithibitishwe na chuo chako kabla hujaanza kuhesabu hata saa moja.

Nina neno kwa wanaotafuta njia ya katikati. Nimeshaulizwa kama mgeni mwenye CTRS aliyekuja kwa mwezi mmoja anaweza kusaini fomu ya wiki 14. Hawezi, na anayesaini anahatarisha cheti chake pamoja na chako. Fomu hiyo ni kiapo cha kitaaluma. Mgonjwa atakayekutana nawe miaka miwili baadaye atakuamini kwa sababu yake.

Mtihani ukoje?

Unafanywa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, kwenye vituo vya Pearson VUE. Maswali ni ya kuchagua jibu. Yanagusa maarifa ya msingi, kazi yenyewe ya tathmini na mipango na utekelezaji, uendeshaji wa huduma, na maendeleo ya fani. Maswali mengi yanakuja kwa mtindo wa kisa: mgonjwa wa hali hii, mazingira haya, utafanya nini kwanza? Waliozoea kukariri ili wafaulu mitihani ya kumaliza muhula hupata shida hapo. Wauguzi waliokaa wodini, kwa nilivyoona, wanaelewa maswali ya aina hiyo haraka kuliko wengine, maana kila asubuhi ya kazi yao inaanza na swali la nini kwanza.

Kabla ya kulipa ada, waandikie NCTRC uulize kituo kipi kilicho karibu nawe kinapokea mtihani huu.

Cheti kinaisha muda?

Ndiyo. Mzunguko ni wa miaka mitano, na kila mwaka kuna ada ya kukihuisha. Mwisho wa mzunguko unaweza kuonyesha saa 480 za kazi ya fani pamoja na saa 50 za mafunzo endelevu, au ukafanya mtihani upya. Mwenye mpango wa kurudi nyumbani aitazame namba hiyo ya 480 tangu mwanzo, kwa sababu kazi yako ya huku itatakiwa iandikwe kwa namna inayoonyesha kwamba ni ya tiba ya burudani. Maelezo ya kazi kwenye mkataba yawe wazi.

Nimeona tangazo: kozi ya mtandaoni ya wiki sita, unapata cheti cha kimataifa. Nilipe?

Usilipe kabla ya kuuliza mambo matatu. Cheti hicho kinatambuliwa na nani? Kinakupa sifa ya kufanya mtihani wa NCTRC? Mwalimu wa kozi ana CTRS, na anaweza kuonekana kwenye orodha ya umma ya NCTRC? Mwenye kozi halali atakujibu bila kukasirika.

Zipo kozi fupi nzuri za mbinu, kwa mfano kutumia muziki kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu au michezo kwa watoto wenye usonji. Zisome, zitakusaidia kazini. Ila zinakupa mbinu tu. Fani haipatikani kwa wiki sita. Inaniuma kuona muuguzi msaidizi anauza mbuzi wa mama yake kulipia karatasi yenye mhuri wa dhahabu ambayo hakuna hospitali itakayoiangalia mara mbili.

Vyuo gani vinafundisha fani hii?

Marekani vipo vingi. Kati ya vinavyojulikana ni Temple cha Philadelphia, Clemson cha South Carolina, East Carolina, na University of Wisconsin-La Crosse. Kanada kuna Dalhousie na Waterloo. Programu zenye ithibati hukaguliwa na CARTE au COAPRT, vyombo vya Marekani vinavyotoa ithibati hiyo. Ukikuta chuo kinadai kufundisha fani hii, uliza kama masomo yake yanakidhi vigezo vya NCTRC, na uombe jibu kwa maandishi.

Gharama zikoje, na HESLB inasaidia?

Ada ya mwanafunzi wa nje Marekani ni kubwa, na chuo kitataka uthibitisho wa fedha za mwaka mzima kabla ya kukupa fomu ya I-20 ya kuombea viza ya mwanafunzi. Mikopo ya HESLB imelenga kwa kawaida wanaosoma vyuo vya ndani, kwa hiyo usiijengee nyumba. Kinachowasaidia wengi ni nafasi za usaidizi wa kufundisha au utafiti kwenye ngazi ya uzamili, ambapo chuo kinapunguza au kufuta ada na kukulipa posho. Hiyo ni sababu nyingine ya kupata shahada ya kwanza hapa nyumbani, kufanya kazi miaka michache, halafu kuomba uzamili. Mwombaji aliyefanya kazi wodini au kwenye kituo cha watoto ana la kueleza kwenye barua yake ya maombi. Mwombaji aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja ana ndoto nzuri, lakini anashindana na maelfu wenye ndoto kama hiyo.

Baada ya kuhitimu, viza ya F-1 huruhusu kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yako. Masharti ya viza yanabadilika, fuatilia tovuti ya ubalozi mwenyewe, wala usimtegemee wakala wa stendi.

Niko kidato cha nne. Nichague masomo gani?

Baiolojia, usiiache kabisa. Kemia na Fizikia ukiziongeza unafungua mlango wa vyuo vya afya, kwa mfano mafunzo ya fiziotherapia na tiba kwa vitendo pale KCMC. Kiingereza kisomee kwa kusoma vitabu, si kwa kujibu maswali ya NECTA ya nyuma pekee. Kama nguvu yako iko kwenye sanaa, usikate tamaa: ualimu wa elimu maalumu pale Patandi, au maendeleo ya jamii pale Tengeru, ni misingi ya kweli ya kazi hii, ingawa baadaye utalazimika kulifuata somo la anatomia.

Nina miaka 40 na familia. Nimechelewa?

Hapana. Hakuna kikomo cha umri. Lakini kwa mtu mwenye watoto shuleni na mkopo wa SACCOS, mimi ningekushauri uisome kazi yenyewe na kuitumia ulipo, hata kama cheti cha nje hutakifuata.

Nikirudi na CTRS, nitaajiriwa kwa jina gani?

Kwa jina la fani yako ya kwanza, mara nyingi. Ofisa tiba kwa vitendo, mwalimu wa elimu maalumu, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi wa afya ya akili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana uhuru zaidi wa kutunga vyeo, na hapo unaweza kuandikwa mratibu wa programu za utengamao na michezo. Shahada ya nje ipeleke TCU ikatambuliwe mara tu unaporudi, usisubiri siku ya usaili.

Lipo tumaini la kisheria ambalo wengi hawalitaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inazungumzia haki ya kushiriki utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo unapomwandikia mkurugenzi wa halmashauri kuomba njia ya kiti cha magurudumu kuingia uwanjani, unadai kitu ambacho nchi imeshakubali. Andika hivyo kwenye barua.

Siendi Marekani wala Kanada. Naweza kuifanya kazi hii hapahapa?

Unaweza kuyafanya mengi ya kazi hii, ilimradi usijiite kwa cheo ambacho huna. Turudi kwa yule kijana wa Machame, aliyekaa kibarazani. Kwenye tathmini anasema zamani kila mechi ilipochezwa uwanja wa Ushirika alikuwepo. Sasa hataki hata kusikia redio. Mpango hauanzi na uwanja. Wiki ya kwanza lengo ni kutoka kibarazani hadi barabarani, pamoja na mdogo wake, na kukaa nje dakika 20. Baada ya hapo ni kwenda kwa fundi baiskeli kuangalia magurudumu, maana kiti kinachozama kwenye tope la kihambani hakimpeleki mtu popote. Kisha kuangalia mechi kwenye kibanda cha video pale kijijini, ambapo atakutana na macho ya watu kwa mara ya kwanza. Hapo mnafanya mazoezi ya majibu: mtu akimuuliza "pole, uliumiaje?" atasema nini, na asipotaka kusema atasema nini. Mnapanga habari za choo na mkojo kwa saa tatu za safari, jambo ambalo watu wanalionea haya na ndilo linalowafungia ndani wengi kuliko ngazi. Mnapatana na dereva wa Noah atakayekubali kukikunja kiti bila kutoza nauli ya mtu wa pili. Uwanja unakuja mwisho, na siku hiyo unaandika kwenye jalada: ametoka, amekaa muda gani, maumivu kiasi gani, ameongea na nani, anataka kurudi au hataki.

Hakuna hata hatua moja hapo inayohitaji kifaa cha kununua nje. Inahitaji mtu aliyefundishwa kutathmini, kupanga na kuandika, na mwenye uvumilivu. Kama umesajiliwa kwa tiba kwa vitendo, fiziotherapia, uuguzi au ustawi wa jamii, una ruhusa ya kufanya kazi ya namna hii ndani ya mipaka ya fani yako leo.

Wazazi wangu wanasema nitakuwa mchezesha watoto tu.

Wapeleke wakaone. Kama kuna kituo cha utengamao karibu nanyi kinachopokea wageni, omba ruhusa ya mkuu wa kituo na mwende pamoja nusu siku. Mzazi anayemwona mtoto mwenye mtindio wa ubongo akishikilia kichwa chake wima kwa sababu anataka kuliona puto linakoelekea, atauliza maswali tofauti jioni hiyo. Na wakikuuliza kuhusu mshahara, wajibu ukweli: utalipwa kwa ngazi ya fani yako ya usajili, si kwa jina la cheti cha ziada.

Nikijitolea kituoni, nizingatie nini?

Faragha kwanza. Usipige picha za wagonjwa na kuzirusha kwenye status, hata kama wanatabasamu, hata kama mzazi amekubali kwa mdomo. Uwe na daftari, andika ulichokifanya na ulichokiona, bila jina la mgonjwa. Usimbebe wala kumnyanyua mtu kabla hujaonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo, kwa mgongo wako na kwa usalama wake. Na ukianza, endelea. Watoto wa vituo vyetu wameshazoea sura zinazokuja wiki mbili na kupotea, na wanaumizwa na kila moja.

Nyaraka gani niziandae mapema?

Nakala rasmi ya matokeo, bila shaka. Lakini kitu kinachosumbua zaidi ni mihtasari ya masomo yako: karatasi zinazoonyesha kila somo lilifundisha nini, kwa saa ngapi, kwa vitabu gani. Anayetathmini masomo yako anaweza kuziomba, na chuo kikishabadilisha mtaala, kuzipata ni kazi ya miezi. Nenda ofisi ya msajili ukiwa bado mwanafunzi, omba mihtasari ya masomo yote ya anatomia, saikolojia, ukuaji wa binadamu na utengamao, igongwe mhuri, itengenezee nakala ya skani, na uihifadhi kwenye barua pepe yako pamoja na flashi. Kama ulishahitimu, andika barua wiki hii, ambatanisha nakala ya cheti chako na namba yako ya usajili, na ufuatilie kwa simu mpaka upate.